Sekela Alipoiacha Njia

Habari yenyewe niliipata kibandani, pale tunapopimia chai, na tangu siku hiyo haikunitoka. Nikienda nayo shambani, inakuja shambani. Nikienda kanisani, inakaa na mimi benchi moja.

Walisema Sekela wangu ameonekana kule njia ya ziwani. Ameruka pembeni kama mtu aliyekanyaga siafu, ameingia kwenye migomba, amechutama, kanga kichwani mpaka puani. Na njiani alikuwa anapita mzee mmoja mgeni, ana kofia na fimbo, na yule mwalimu Meshaki yuko naye.

"Mama Sekela," akaniita Esnath mbele ya watu wote. Esnath ni jirani yangu, tunachuma mstari mmoja. "Wewe ni mtu mbaya sana."

"Nimefanya nini tena?"

"Ng'ombe wa mahari mmewala kimyakimya, wenzenu hata mchuzi hatukuonja!"

"Ng'ombe gani, Esnath?"

"Haya, jifanye hujui. Mtu hamfichi uso mzee wa watu bure. Huyo ni mkwe huyo! Mwambie Sekela akijifungua tutakuja wenyewe, hata msituite."

Wakacheka wote, mpaka yule wa mzani. Na mimi nikacheka, nisionekane nimeshtuka.

Kwa wewe msomaji usiye wa huku Rungwe, nikueleze kidogo ili twende pamoja. Sisi Wanyakyusa tuna desturi, wenyewe tunaita kutila. Mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja, anaiacha njia, anachutama huko kando, anajifunika, anasubiri mzee apite. Haongei naye. Jina lake halitaji. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini, lakini huku vijijini Kisiba bado utaiona. Mimi nilimwachia njia baba mkwe wangu mpaka siku tunamzika, na Sekela amekua akiniona.

Sasa Sekela hajaolewa. Hajachumbiwa. Hakuna mtu aliyekuja kwangu hata kusema hodi. Kama amemwachia njia mzee wa watu, maana yake moyoni mwake amekwisha kuolewa, bado sisi tu kuambiwa.

Na kijana mwenyewe ni nani? Ni Meshaki, mwalimu wa historia, Mgogo wa Mpwapwa, serikali imemleta huku kufundisha. Sekela kazi yake ni kutembeza wageni, anawapeleka kwenye kuta za Wajerumani, kwenye miti ya wazee, ziwani. Meshaki alimjulia huko. Mwanzo alikuja na wanafunzi wake. Baadaye akaja na mwavuli tu. Mwisho hata mwavuli akawa anausahau, wananyeshewa wote wawili, wanarudi wanacheka, nguo zimewaganda mwilini. Niliwaona. Nilisema ni kazi.

Shemeji yangu Samson, baba mdogo wa Sekela, alishasema tangu zamani: "Mgogo? Ampeleke binti yetu akakae juani achume nini, miiba?" Lakini mimi hofu yangu haikuwa jua. Meshaki uhamisho wake ulikuwa umetoka. Mwisho wa muhula anarudi kwao, kwa sababu mama yake alifariki na mzee amebaki peke yake. Na kwangu mimi, baba yake Sekela alifariki. Kaka yake yuko Tunduma na maisha yake. Nyumbani kwangu tupo wawili tu, na sauti ya mvua kwenye bati.

Nilipofika nyumbani nilimkuta anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Sekela."

"Abee mama."

"Umemficha nani uso njiani?"

Kisu kikasimama. Nje manyunyu yalikuwa yanaanguka taratibu, yale ya kwetu, hayanyeshi wala hayaachi.

"Baba yake Meshaki," akasema.

"Nani kakwambia ujifiche?"

"Hakuna mama. Walikuwa wanakuja kunisalimia. Meshaki alinipigia simu, akasema baba amekuja, leo nakuletea umwone. Nikavaa vizuri. Nikasimama pale kwenye kona, nimepanga maneno yangu yote, shikamoo baba, karibu baba, habari ya safari. Halafu nikamwona anatokea kwenye ukungu. Anatembea kama Meshaki, bega moja limelala. Mama, miguu iliondoka yenyewe."

"Miguu!"

"Kweli. Nilishtuka nimeshachutama, najifunika. Nikasikia anauliza, yule ndiye? Mbona ananikimbia kama mbwa? Meshaki akaniita, Sekela, Sekela, toka basi. Ningetokaje, mama? Mtu ukishajificha utatokaje?"

"Si ungemwelezea Meshaki baadaye?"

Hapo akaniangalia. "Nimwambie nini? Kwamba nimemfanya baba yake kuwa mkwe wangu, na yeye bado hajaniomba? Nitakuwa nimejiposa mwenyewe, mama."

Na ni kweli. Hilo msichana wa kwetu halisemi.

"Sasa hapokei simu yangu," akasema. "Na mzee anaondoka Jumatatu. Amesema Meshaki asimletee tena habari za watu wa huku wasiojua kupokea mgeni."

Akarudi kumenya ndizi. Niliziona zile ndizi, alikuwa anazimenya nene, nusu ya nyama inakwenda na ganda. Mtoto niliyemfundisha kumenya mwenyewe.

Na mimi, nisikudanganye, moyoni nilipata hesabu yangu nyingine. Nikinyamaza, mzee ataondoka na hasira yake, mwalimu atamfuata, na mwanangu atabaki na mimi. Nikisema, atakwenda nao. Sihitaji kufanya kitu. Kukaa kimya tu.

Ijumaa Meshaki akatuma ujumbe kwangu, siyo kwa Sekela. "Shikamoo mama. Baba anataka kuona ziwa na zile kuta kabla hajaondoka. Nilikuwa nimemwahidi. Kama Sekela hawezi, naomba mnielekeze mtu mwingine."

Nikajibu nitakuja mwenyewe. Zile njia nimezipita na ndizi kichwani kabla Sekela hajazaliwa, sihitaji kuzisomea.

"Na chakula?" Sekela akauliza asubuhi, ameshafunga kikapu, ndizi za maziwa, magimbi, maparachichi. "Wageni watembee njaa?"

"Nitabeba."

"Na mgongo wako ule? Nitapita njia ya juu, mama. Ndani ya migomba. Hataniona."

Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa amevaa kanga yake ya rangi ya chungwa, ile ya Krismasi, kwa kazi ya kubeba kikapu mahali pasipoonekana. Nikashindwa.

*

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai kama maziwa yaliyomwagika. Mtu ukimwona kwa mbali humwoni miguu, unaona kiwiliwili kinaelea. Ng'ombe wanasikika, hawaonekani. Ndege wanaita upande huu, wanajibiwa upande ule, na huwezi kujua kama ni ndege wawili au ni mmoja na mwangwi wake. Siku kama hizo hata mimi niliyezaliwa huku natembea kama niko kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Niliwakuta kwenye njia panda. Meshaki macho mekundu. Mzee Hosea, baba yake, amesimama wima na fimbo yake, kofia ya kitambaa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Karibuni, ugonile," nikasema, halafu nikakumbuka. "Yaani, habari za kuamka, mzee."

"Nzuri, mama. Wewe ndiye unatutembeza?"

"Ndiyo mimi."

"Afadhali. Wewe angalau una uso."

Meshaki akasema, "Baba."

"Nimesema nini kibaya? Nimesema ana uso."

Tukaanza kutembea. Njia inashuka polepole, huku chai, huku migomba, mfereji unaimba pembeni. Mzee alikuwa anasimama kila mahali. Anagusa jani, ananusa udongo, anatikisa kichwa.

"Kwetu ng'ombe anatembea kutwa akitafuta jani," akasema. "Huku naona jani ndilo linamtafuta ng'ombe."

Nikacheka bila kupenda. Sikutaka kumpenda yule mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali, ingekuwa rahisi.

Meshaki macho yake hayakuwa njiani. Yalikuwa juu, kwenye migomba. Nami nikaangalia huko, nikaiona kanga. Inaonekana, inapotea, inaonekana tena kati ya majani, kama moto wa mtu anayehama nao. Sekela alikuwa anatembea sambamba na sisi, kikapu kichwani, shingo imenyooka.

Kuna mahali migomba inaachana kidogo, pameanguka mmoja na upepo. Hapo Meshaki akasimama. Na yeye kule juu akasimama. Hakuna aliyepunga mkono. Hakuna aliyeita. Walitazamana hivyo tu, huyu chini, yule juu, ukungu unapita katikati yao unawafuta, unawarudisha. Niliona mkono wa mwanangu umeshika shina la mgomba kama umeshika bega la mtu.

Nikakohoa. Tukaendelea.

Mzee alikuwa ametangulia, anachokoa jiwe na fimbo. Meshaki akanikaribia.

"Mama, nikuulize kitu?"

"Uliza, mwalimu."

"Sekela anatuonea aibu? Kwa sababu sisi siyo watu wa huku?"

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Nimemleta baba safari yote ile ili amwone. Nilimwambia, baba, utakutana na mtu anayecheka kwa macho. Akakutana na mgongo." Akaonyesha migomba kwa kidevu. "Leo tena ananitazama namna ile. Ananitazama kama ananipenda, mama, samahani kukwambia wewe. Halafu akimwona baba anapotea. Mimi nifanye nini? Niambie ukweli tu. Amenichoka?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Mabinti wa siku hizi, mwalimu," nikasema, "nani anawajua."

Maneno hayo siyo uongo, lakini niliyapa kazi ya uongo.

"Basi," akasema Meshaki. Basi tu. Akainamisha kichwa, akashika njia, na hakutazama juu tena. Kanga ikaja ikaonekana pale juu, mahali pengine palipo wazi. Ikasubiri. Hakuna aliyeitazama. Ikasubiri tena kidogo, halafu ikaingia kwenye majani pole pole. Mimi niliiona mpaka mwisho.

*

Kabla ya ziwa kuna msitu mdogo wa miti mikubwa sana, mizizi imetoka nje kama magoti. Wamelala hapo watawala wa zamani, wazee wa wazee wetu. Hatukati kuni hapo wala hatupigi kelele. Mvua ikinyesha chini yake huisikii, unaona tu matone yanaanguka moja moja kama yanachagua pa kuangukia.

Sikusema kitu. Lakini mzee Hosea alipoingia chini ya ile miti, alivua kofia.

"Wamelala wakubwa hapa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Umejuaje, mzee?"

"Ubaridi wake. Wa kwetu nao wana ubaridi huu."

Halafu akaanza kuongea, siyo na mimi hasa, alikuwa anaongea na ile miti.

"Mke wangu alipokuwa mgonjwa, huyu mtoto alikuwa huku. Kila akipiga simu, ni habari za binti mmoja anayejua njia. Leo kanipeleka hapa, leo kanipeleka pale. Mama yake kitandani anacheka. Karibu na mwisho akaniambia, Hosea, ukifika huko, nitazamie uso wake. Utatazama kwa niaba yangu." Akaipangusa kofia kwa mkono, haikuwa na kitu. "Picha wananionyesha kwenye simu, macho yangu yanaona mng'aro tu. Nikapanda basi. Nimefika. Sikuonyeshwa uso. Nitamwambia nini marehemu?"

Meshaki alikuwa amegeukia upande wa pili, mabega yanamtikisika.

Mimi nilipiga hatua kwenda mbele, nikasema njia inateleza, angalieni mizizi. Ndivyo nilivyosema. Mizizi.

Tulipotoka kwenye miti, ukungu ukafunguka wenyewe kama pazia, na ziwa likawa chini yetu. Hilo ziwa letu ni la duara, limezungukwa na kilima pande zote, maji yake hayana mahali yanapotoka. Siku hiyo lilikuwa rangi ya jani la parachichi, halina hata kunyanzi. Pembeni yake ziko zile kuta za mawe za Wajerumani, nene, nyasi zimeota juu. Watu husema walipokuwa wanaondoka walizamisha masanduku yao humo majini. Mimi sijaona sanduku. Nimeona tu wageni wanakuja kuangalia maji na wanaondoka wamenyamaza.

Mzee akavaa tena kofia yake, akaketi kwenye jiwe la ukuta. Meshaki akasimama mbali naye. Na mimi nikakumbuka jambo nililosahau kulipanga.

Migomba inaishia kwenye kilima. Kati ya migomba na zile kuta ni uwanja wa majani matupu, hakuna hata kichaka. Na chakula kilikuwa na Sekela.

Alikuwa amefika. Amesimama pale mwisho wa migomba, ametupa mgongo, kikapu kiko miguuni, kanga imefunika kichwa chote. Hawezi kuja, hawezi kurudi na chakula cha wageni. Amesimama tu, chungwa katika kijani chote kile.

Mzee akamwona.

"Ndiye yule?"

Meshaki akatazama chini.

"Si nauliza, ndiye yule? Ametufuata njia nzima, nilikuwa naona kitu kinapitapita huko juu nadhani ni mchunga mbuzi. Ametufuata ili anipe mgongo mara ya pili?" Akainuka na fimbo yake. "Sasa namwendea mimi. Nimetoka Mpwapwa, siwezi kushindwa na uwanja huu mdogo. Nitamzunguka nimwone huo uso, hata kama ni wa kuniambia toka."

Akaanza kwenda.

Nilimwona Sekela amesikia hatua. Alichutama palepale, akajikunja, akawa mdogo kama kifurushi. Baba mkwe kumfuata mkamwana! Hilo kwetu halipo. Mwanangu alikuwa anatetemeka, niliona kanga inavyotikisika, na hakukimbia. Angekimbia, angekuwa amemtukana kweli.

"Usiende!" nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mwanaume mzee maishani mwangu. Nikakimbia na mgongo wangu mbovu nikasimama mbele yake, mikono nimeitanua kama ninazuia ng'ombe. "Mzee, baba, usiende. Nakuomba."

"Kwa nini nisiende? Ana nini mwanao?"

"Hana kitu. Amekuheshimu."

"Kunikimbia ndiyo kuniheshimu?"

"Kwetu ndiyo. Kwetu binti hamkimbii mzee yeyote tu. Wazee wote anawasalimia, anapiga goti, anapokea mzigo. Anayemwachia njia ni mmoja tu." Sauti ikakatika, nikaitafuta. "Baba mkwe. Baba wa mume wake. Huyo hamwangalii usoni mpaka kufa. Mimi nilimfanyia wa kwangu hivyohivyo."

Mzee akanitazama. Akamtazama yule aliyejikunja kwenye majani. Fimbo ikashuka.

"Nani amemwoa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ndiyo hapo, mzee. Alikuona unatoka kwenye ukungu, akakujua kwa mwendo wa mwanao, na miguu yake ikakuheshimu kabla mdomo haujapewa ruhusa. Hajui atawaambiaje. Akisema, amejiposa. Akinyamaza, mnaondoka. Nilijua tangu siku ile. Mwalimu ameniuliza njiani, na sikumwambia."

Meshaki alikuwa amekuja karibu. Sijui kama alisikia la mwisho, au alisikia akalisamehe hapohapo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa. Alikuwa anatazama ule mgongo, ule ule uliomuumiza siku zote hizo, anautazama kama hajawahi kuona kitu kizuri namna ile.

"Sekela," akasema, siyo kwa kuita. Alitaja tu.

Mzee akautazama tena ule mgongo. Halafu akavua kofia, akaniuliza kwa upole, kama mwanafunzi:

"Sasa chakula kitatufikiaje?"

"Sijui, mzee. Inabidi wewe usiwepo."

"Mimi nipo." Akafikiri. Akageuka polepole, akalipa lile ziwa uso wake wote, akaweka kofia mbele ya macho na mikono yote miwili. "Haya. Mwambie apite. Mimi naangalia maji."

Nikamwita mwanangu kwa Kinyakyusa. Akainuka. Akaja na kikapu, kanga imefunika nusu ya uso, hatua fupi fupi, majani yana umande yanamlowanisha miguu. Meshaki akaenda kumpokea. Walikutana katikati ya uwanja. Kikapu kikashikwa na mikono minne na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia.

"Ungeniambia," Meshaki akasema.

"Ungeniuliza," Sekela akasema.

"Nakuuliza sasa."

Hakujibu kwa mdomo. Alicheka, yale macho yake, na machozi yakaanguka kwenye magimbi.

"Ameshapita?" mzee akauliza ndani ya kofia.

"Bado, baba," Meshaki akasema.

"Mbona uwanja wenyewe mdogo?"

Sekela akaziba mdomo na kanga asicheke mbele ya mkwe. Akaachia kikapu, akarudi kwenye migomba, anatembea kinyumenyume kidogo, halafu akageuka akapotea. Meshaki akabaki na kikapu kifuani kama mtu aliyepewa mtoto amshike.

Tulikula tumekaa kwenye zile kuta. Mzee alikula ndizi za maziwa akasema hazitaki meno lakini zina akili. Halafu akanigeukia.

"Kwa hiyo sitamwona."

"Hutamwona, mzee. Akija kwenu mtapanga ninyi, kila nyumba ina utaratibu wake. Lakini leo, hapa kwetu, hapana."

"Na marehemu aliniagiza."

"Najua."

"Basi niambie wewe. Uso wake ukoje? Nieleze taratibu, nikamwambie."

Nikaangalia maji. Nilidhani ni jambo dogo. Nikaanza, nikasema ana paji la baba yake, pana, jua likimpiga linang'aa. Nyusi zake zimekutana katikati, alipokuwa mdogo tulimtania kwamba amekasirika. Shavu la kushoto lina kovu dogo kama punje ya mchele, alianguka na kopo la maziwa, hakulia kwa kuumia, alililia maziwa. Meno ya mbele yameachana. Akisikiliza mtu anafungua mdomo kidogo, sijui kwa nini. Akilala anakunja uso, akiamka unafunguka, na mimi kila asubuhi huwa wa kwanza kuuona unavyofunguka.

Hapo nikashindwa kuendelea. Mzee Hosea hakunihimiza. Alifumba macho akawa anatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayepanga vitu ndani ya nyumba visivunjike.

"Nimemwona," akasema.

*

Nimeandika haya kwa ajili yenu wenye mabinti, na ninyi mabinti wenyewe. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini haya nayajua sasa. Epukeni:

Kumwacha binti atembee na mgeni kila Jumamosi halafu useme ni kazi.

Kumwachia njia mzee ambaye hajaambiwa maana yake.

Kucheka kibandani wakati habari ni ya mtoto wako. Uliza kwanza.

Kununa na kuacha kupokea simu. Mgongo wa mtu hausomeki kwa mbali.

Kumpima kijana kwa ukame wa kwao.

Kujibu swali la mtu mwenye maumivu kwa methali au kwa "nani anajua".

Kudhani kimya kitakubakizia mtoto. Kitakubakizia mwili wake jikoni, anamenya ndizi nene.

Na siku anafungasha nguo kwenda kwa mume, usimwulize atarudi lini. Mfungie begi, mwekee maparachichi mabichi yatakayoivia njiani, ukae mlangoni.